ERP za bure kwa kiwanda kidogo: ERPNext, Odoo Community, Dolibarr au Tryton? Tuzipime kwa bidhaa inayosumbua

Mchoma Vyuma (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Swali la "niweke mfumo gani wa bure kiwandani" huwa linajibiwa kishabiki. Nazungumzia ERP, yaani programu moja inayobeba mauzo, manunuzi, stoo, uzalishaji na uhasibu. Mmoja anasema Odoo, mwingine ERPNext, wa tatu anakuja na Excel yake, wanaanza kurushiana maneno na aliyeuliza anaondoka kama alivyokuja. Hizi ninazozitaja nimezisakinisha na kuzipitisha kwenye kazi za kiwanda, kwa hiyo naweka nilichokiona. Mwenye ushahidi tofauti aulete.

Kiwanda ninachokizungumzia ni cha watu kumi, ishirini, tuseme hamsini. Kina mtu wa stoo, msimamizi wa uzalishaji, mhasibu ambaye pengine anakuja siku chache kwa wiki, na hakina mtu wa kompyuta. Kikubwa zaidi ya hapo ni mjadala mwingine.

Hoja yangu ni hii: usianze na orodha ya moduli (vipande vya programu, kila kimoja na kazi yake). Karibu zote zina mauzo, manunuzi, stoo, ankara na uzalishaji, na ukizilinganisha kwa kuweka vema kwenye jedwali zote zitafaulu. Chukua bidhaa moja, ile inayowasumbua kuliko zote, uipitishe tangu kununua malighafi hadi faida kuonekana kwenye hesabu. Iwe ile isiyonyooka: malighafi inanunuliwa kwa kipimo kimoja na kutumika kwa kingine, au inaacha mabaki yanayouzika, au hatua ya katikati inafanywa na fundi wa nje. Mfumo utakaoipokea bila kukulazimisha uandike takwimu za uongo ndio wa kuufikiria. Bidhaa nyepesi kila mfumo unaiweza.

Sasa mifumo yenyewe.

ERPNext. Ni kazi ya kampuni ya Frappe, Mumbai, India. Mwanzilishi, Rushabh Mehta, aliianza baada ya kuhangaika kutafuta mfumo wa biashara ya samani ya familia yake, na hilo linaonekana ukiitumia: uzalishaji haukubandikwa juu baadaye. Leseni ni GPL toleo la 3, ya programu huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha), na hakuna toleo la kulipia lenye vitu vilivyofichwa. BOM (ile orodha ya kila kinachoingia kwenye bidhaa na kiasi chake), oda ya kazi, kadi ya kazi kwa kila hatua, mpango wa uzalishaji, kazi za nje, ukaguzi wa ubora na uhasibu kamili, vyote vimo.

Odoo. Ya Ubelgiji. Ilianza 2005 kwa jina la TinyERP, ikawa OpenERP, na tangu 2014 ni Odoo. Hapa ndipo watu wanapojichanganya, kwa sababu Odoo ziko mbili. Community ni huria, kwa leseni ya LGPL toleo la 3. Enterprise inalipiwa kwa idadi ya watumiaji. Video nyingi za mafunzo zinaonyesha Enterprise, mtu anavutiwa, anasakinisha Community, halafu anatafuta kitufe ambacho hakipo. Moduli ya ubora, usimamizi wa mabadiliko ya michoro, skrini ya mafundi wa karakana, programu ya kuskani msimbo pau (barcode) stoo, zote hizo ziko upande wa kulipia. Community inakuachia BOM, oda za uzalishaji, vituo vya kazi, kazi za nje na matengenezo ya mashine. Si haba, lakini ujue mapema.

Dolibarr. Ya Ufaransa, ya tangu 2002, imeandikwa kwa lugha ya PHP. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote: inakaa hata kwenye kifurushi cha kawaida cha kuhifadhi tovuti, na ipo ya kusakinisha kwenye Windows kwa kubofya. Ina BOM na oda za uzalishaji. Upande wa kupanga kazi za wiki zijazo ni nyembamba.

Tryton. Ilijitenga na TinyERP mwaka 2008. Inatoa toleo jipya kila miezi 6, na matoleo yanayoishia na .0 yanahudumiwa kwa miaka 5. Imejengwa kwa nidhamu kubwa, ila ukurasa wake wa kwanza hauna urembo wa kukubembeleza. Jamii yake ni ndogo, ni ya watu wanaojua wanachofanya.

Ziko nyingine: iDempiere na metasfresh, zote za ukoo wa Compiere (ERP huria ya zamani), na Apache OFBiz. Zimeandikwa kwa lugha ya Java na zina uwezo mkubwa, ila kwa kiwanda kisicho na mtu wa kompyuta sizipendekezi.

Vipimo nilivyotumia ni vitatu.

Cha kwanza, vipimo vya malighafi. Chukua kiyeyusho cha rangi: kinanunuliwa kwa pipa la lita 200, fomula inakipima kwa kilo. Kama lita moja ina uzito wa kilo 0.8, pipa lina kilo 160. Mfumo ukikulazimisha kuandika kwamba lita ni kilo, kila pipa linaingiza stoo kilo 40 za hewa. ERPNext inakuruhusu kuweka uwiano wa vipimo ndani ya bidhaa yenyewe, kwa hiyo kiyeyusho hiki kina 0.8 na kile kina 0.9. Odoo kwa miaka mingi iligawa vipimo kwa makundi, uzito huku na ujazo kule, na kundi moja halikuvuka kwenda jingine. Ukiwa na toleo la namna hiyo utaamua kununua na kupima kwa kilo tu, au utatafuta moduli ya nyongeza.

Cha pili, stoo kwenda hasi. Odoo inaruhusu kutoa malighafi ambayo mfumo unasema haipo, na salio linasoma hasi. ERPNext inakataa mpaka uende kwenye mipangilio uruhusu. Mafundi wanaipenda ya kwanza kwa sababu kazi haisimami. Mhasibu anaipenda ya pili. Mimi niko na mhasibu.

Cha tatu, makosa. ERPNext ukishawasilisha hati huwezi kuigusa tena, unaifuta rasmi na kutoa nakala iliyorekebishwa, na zote mbili zinabaki kwenye kumbukumbu. Wiki za mwanzo watu wanalalamika sana. Ila ndiyo inayokuonyesha nani alibadilisha idadi ya mabati baada ya kufunga mwezi.

Kwa kiwanda cha kawaida mimi naegemea ERPNext. Karibuni.

---

Mpita Njia

Naweka kambi hapa. Mkuu endelea kushusha.

---

Karani wa Stoo

Mkuu Mchoma Vyuma, umegusa stoo lakini umeruka kitu kinachotuua huku: upotevu. Sisi ni mbao. Ubao unaingia mita kumi, kinachotoka kwenye bidhaa hakifiki. Mfumo uliopita uliwekwa na mshauri mmoja, BOM zake zilikuwa na vipimo vya bidhaa iliyokamilika tu. Kila mwisho wa mwezi hesabu ya stoo haikubaliani na rafu, lawama kwangu. Hizi za bure zinalijuaje hilo?

---

Mchoma Vyuma

Swali zuri, na nusu ya jibu haiko kwenye programu.

Kwanza hesabu. Kama robo ya ubao inapotea, yaani 25%, na bidhaa inahitaji mita 100 safi, wengi wanazidisha 100 kwa 1.25 wanapata 125. Hiyo haitoshi, maana robo ya 125 ikiondoka unabaki na chini ya 94. Unagawa 100 kwa 0.75, unapata 133.3. Tofauti ya mita nane na ushee kwenye kila mia. Hapo ndipo lawama zinapoanzia, na karani hajaiba kitu.

Kwenye ERPNext, ndani ya BOM kuna sehemu ya mabaki, unaorodhesha vipande vinavyobaki kama bidhaa yenye thamani yake, na kuna asilimia ya upotevu wa mchakato kwa kile kinachopungua kabisa (mvuke, vumbi la msumeno). Odoo Community ina bidhaa za pembeni (zinazotoka pamoja na ile kuu) kwenye BOM, ila upotevu wenyewe unauandika kama hati ya kutupa baada ya kutokea. Kwa hiyo kwenye Odoo ni bora kiasi kilichoandikwa kwenye BOM kiwe kimeshabeba upotevu, yaani hiyo 133.3.

Jambo jingine: usiruhusu mfumo utoe malighafi wenyewe kwa kufuata BOM bila mtu kuthibitisha kilichotumika. Ni rahisi, fundi anaandika tu "nimemaliza meza 20" na stoo inapungua yenyewe. Kwa skrubu na gundi sawa. Kwa mbao, chuma, ngozi, kitambaa, mtu aandike alichochukua kweli. Ile tofauti kati ya kilichopangwa na kilichochukuliwa ndiyo taarifa yenye thamani kuliko zote utakazopata kwenye huo mfumo.

---

Excel Haijafa

Samahani wakuu, nawakata stimu kidogo. Kiwanda cha watu kumi na ERP wapi na wapi? Nina kitabu changu cha Excel, shiti ya malighafi, shiti ya BOM, shiti ya oda. Fomula zinavuta zenyewe. Seva sina, mshauri sina, na sijawahi kulala macho nikiwaza sasisho. Nyie mnatafuta ugonjwa.

---

Mchoma Vyuma

Ndugu yangu, sikupingi moja kwa moja. Kama wewe mwenyewe ndiye unayeingiza, unayesoma na unayeamua, baki hapo hapo. Hakuna aya hata moja ya huu uzi inayokuhusu.

Mpaka wa Excel hauko kwenye idadi ya wafanyakazi. Unafika siku watu wawili wanapohitaji namba ile ile ya stoo kwa wakati mmoja, mmoja anamwahidi mteja na mwingine anakata malighafi. Au siku mteja anaporudisha bidhaa akikuuliza ilitoka kwenye bechi gani ya malighafi, na nani mwingine aliuziwa ya bechi hiyo. Jaribu kujibu hilo swali la pili kwenye shiti zako. Ukijibu ndani ya dakika chache, nakuvulia kofia.

---

Excel Haijafa

La bechi umenipata. Sisi hatuulizwi bado, ila tunakoelekea tutaulizwa. Nitabaki nasoma kimya.

---

Mhasibu Mkavu

Wakuu naomba nafasi, maana nyuzi za hivi mafundi mitambo huwa wanajisahau.

Moja. Mtu akikwambia Odoo Community ni bure na ina kila kitu, mwambie akuonyeshe mizania na taarifa ya mapato na matumizi. Community ina ankara, malipo na maingizo ya daftari, lakini taarifa kamili za fedha ziko Enterprise. Kuna chama cha Odoo Community Association, OCA, kinatengeneza moduli huria za kuziba hilo pengo, na ni nzuri, nazitumia. Lakini lazima uzitafute, uzisakinishe, na uhakikishe zinaendana na toleo lako. ERPNext inakuja nazo. Dolibarr nayo ina daftari la maingizo mawili ukiliwasha.

Mbili, na hii ndiyo muhimu kuliko yote: namna ya kuthamini stoo. Umenunua kilo 100 za resini kwa 10 kila kilo. Baadaye 100 nyingine kwa 14. Umetumia 120. Ukifuata kilichoingia kwanza kitoke kwanza, gharama ni 100 mara 10 jumlisha 20 mara 14, yaani 1,280. Ukifuata wastani, bei ni 12, gharama ni 1,440. Tofauti ya 160 kwenye malighafi moja, bidhaa ni ile ile. Odoo na ERPNext zote zinakupa kuchagua. Dolibarr inakwenda na wastani uliopimwa kwa uzito. Chagua kabla ya ingizo la kwanza, ukishauliza ofisi inayokagua hesabu zako inakubali ipi. Kubadilisha katikati ya mwaka ni maumivu msiyoyajua.

Tatu. Ankara za wasambazaji huchelewa. Malighafi imeingia leo, ankara na gharama za usafirishaji zinakuja baada ya wiki mbili, wakati bidhaa imeshazalishwa na pengine kuuzwa. ERPNext ukirudisha tarehe nyuma inakokotoa upya thamani ya kila kilichofuata. Ni sahihi kihesabu, ila stoo ikiwa na miamala mingi hiyo kazi inachukua muda na faida ya mwezi uliokwisha inabadilika wakati mkurugenzi ameshaiona. Funga vipindi. Mipangilio ya kuzuia maingizo ya nyuma ipo, iwasheni.

Nne, gharama ya saa za mashine na mafundi. ERPNext na Odoo zote mbili zinakuruhusu kuweka bei ya saa kwa kila kituo cha kazi, kisha zinaiingiza kwenye gharama ya bidhaa. Watu wanaacha sifuri. Halafu wanashangaa meza inaonyesha faida nono wakati akaunti ya benki inasinyaa.

---

Bi Mshono

Habari zenu jamani. Mimi ni nguo. Shati moja, saizi sita, rangi tano, hapo ni bidhaa thelathini kabla sijaanza mikono mifupi. Nikisoma habari za BOM napata kizunguzungu. Ina maana nitengeneze BOM thelathini?

---

Mchoma Vyuma

Hapana dada, na kwako jibu langu linageuka. Odoo ndiyo inayokufaa zaidi.

Kwenye Odoo unaunda shati moja lenye sifa mbili, saizi na rangi. BOM inakuwa moja. Kila mstari unaupa masharti: kitambaa cha bluu kitumike kwa shati la bluu tu, mita hizi kwa saizi kubwa tu. Uzi na lebo havina masharti, vinaingia kote. Kwenye ERPNext nako kuna bidhaa mama na watoto wake, ila kuelekeza kitambaa kipi kiende kwa mtoto yupi ni kazi ya mikono zaidi, na kiasi kikitofautiana kwa saizi utajikuta na BOM nyingi kweli.

Ndiyo maana nasema bidhaa inayosumbua iamue. Ya kwako inasumbua kwa wingi wa aina. Ya Karani wa Stoo inasumbua kwa upotevu. Mtu wa rangi anasumbuliwa na vipimo. Hao watatu hawawezi kupewa jibu moja.

---

Bi Mshono

Asante mkuu. Na kushona vifungo tunampa mtu wa nje, anachukua mashati yaliyokatwa na vifungo vyetu.

---

Mchoma Vyuma

Hiyo ni kazi ya nje, na Odoo Community inayo. Unaandika BOM ya aina ya kazi ya nje, unamtaja huyo fundi, mfumo unajua kwamba vifungo vilivyoko kwake bado ni mali yako. Mali iliyoko kwa mtu wa nje ndiyo inayopotea kimya kimya kuliko zote, kwa hiyo hilo lijaribu mapema, wala usiliache la mwisho.

---

Seva Gizani

Ngoja niseme mimi ninayeitwa usiku mfumo ukigoma.

Leseni ni bure. Kitakachokula pesa ni hivi: mahali pa kuuweka, mtu wa kuusasisha, mtu wa kusafisha data mliyonayo sasa, na saa za wafanyakazi kujifunza. Hiyo ya kusafisha data ndiyo kubwa na hakuna anayeiweka kwenye bajeti. Bolti moja ina majina manne kwenye shiti zenu, na kila jina lina salio lake.

Mahali pa kuuweka: ERPNext inataka Linux. Kwenye Windows utapitia Docker au mashine pepe (njia za kuendesha Linux ndani ya Windows). Inatumia hifadhidata ya MariaDB pamoja na Redis (ya kushika data ya muda), na RAM ya 4GB ndiyo pa kuanzia kwa kiwanda kidogo. Odoo inatumia hifadhidata ya PostgreSQL na ina kisakinishi cha Windows, ila kwa kazi ya kudumu nayo iwekeni kwenye Linux. Mkiwa na intaneti isiyoaminika, seva ikae ndani ya kiwanda kwenye mtandao wenu wa ndani, yenye betri ya kuishikilia umeme ukikatika, na nakala iende nje kila usiku.

Usalama wa Odoo, tafadhali someni hapa: ukurasa wa kusimamia hifadhidata unakuja ukiwa wazi. Mtu akiufikia, na nenosiri kuu mmeliacha lile la mwanzo, anaweza kupakua data yote au kuifuta. Kwenye faili ya mipangilio wekeni list_db = False na mbadilishe admin_passwd (ndilo hilo nenosiri kuu). Ni mistari miwili.

Nakala ya akiba ambayo haijawahi kurejeshwa siihesabu kuwa nakala. Irejesheni kwenye mashine nyingine, fungueni oda ya jana, muione kwa macho.

Sasa suala la matoleo, ambalo ndilo lililonifanya nikubaliane na nusu tu ya alichosema Mchoma Vyuma. Odoo inatoa toleo kubwa kila mwaka na kuhudumia matoleo matatu ya karibuni. Huduma rasmi ya kuhamisha data kwenda toleo jipya ni ya wateja wa Enterprise. Wa Community wanategemea OpenUpgrade, kazi ya OCA, ambayo huja baadaye, na kila moduli ya nyongeza uliyoweka lazima nayo iwe imehamishwa. ERPNext njia ya kuhama iko wazi kwa kila mtu, amri chache tu. Lakini kama mtu alichezea msimbo wa ndani, hizo amri chache zitakulaza ofisini. Tryton hapa inawashinda wote, kuhama kwake ni sehemu ya kazi ya kila toleo na hakudaiwi pesa. Mchoma Vyuma kaipitia haraka mno. Kiwanda ambacho taratibu zake hazibadilikibadiliki, kinachotaka kuweka mfumo na kuusahau kwa miaka mitano, kiitazame.

---

Mchoma Vyuma

Nakubali kuhusu kuhama. Nilichoona kwa Tryton ni kwamba mtu wa kukusaidia ni mgumu kumpata, na msimamizi wa uzalishaji anahitaji kushikwa mkono sana. Ukiwa na mtu kama wewe karibu, hoja yangu inadhoofika.

---

Nati na Bolti

Swali la leseni wakuu. Mshauri wetu anasema tukibadilisha chochote kwenye ERPNext, GPL inatulazimisha tuweke hadharani mabadiliko yetu, kwa hiyo eti tununue mfumo wake wa kulipia kulinda siri za fomula. Kweli hii?

---

Seva Gizani

Si kweli. GPL inakuhusu pale unapomkabidhi mtu mwingine programu. Ukiibadilisha ukaitumia kiwandani mwako, huna wa kumdai wala wa kukudai. AGPL ndiyo yenye sharti la ziada, kwamba watumiaji wanaoifikia kwa mtandao wapewe msimbo uliobadilishwa, na ERPNext haiko kwenye AGPL. Na fomula zenu ni data. Hakuna leseni kati ya hizi inayogusa data mliyoingiza.

Ila naongeza: msibadilishe msimbo wa ndani hata kama mnaruhusiwa. ERPNext ina sehemu za kuongeza visanduku na kanuni bila kugusa programu yenyewe, na kikubwa kinaandikwa kama programu ya pembeni. Odoo vivyo hivyo, moduli ya pembeni. Mshauri akifungua faili za ndani na kuanza kufuta mistari, mwombeni aache.

---

Nati na Bolti

Nimekusoma mkuu. Sisi tunaunganisha vifaa vya kielektroniki, sehemu ndogo ndogo mamia. Uhasibu tunao tayari kwenye programu nyingine na tumeridhika nao. ERP nzima kweli tunaihitaji?

---

Mchoma Vyuma

Kwa hali hiyo tazama InvenTree kwanza. Ni huria, leseni ya MIT, na imejikita kwenye sehemu, stoo, BOM na oda za kuunganisha. Inajua sehemu mbadala: kipinga (resistor) hiki kikikosekana, kile kinaruhusiwa. Inajua wasambazaji kadhaa kwa sehemu moja, na inafuatilia namba za bidhaa moja moja. Haina uhasibu wala mishahara, na kwenu hilo ni jambo jema. Mtahamisha jumla za mwezi kwenda kwa mhasibu.

---

Mhasibu Mkavu

Jumla za mwezi peke yake hazitoshi. Mhasibu apewe pia orodha ya stoo yenye thamani ya siku ya kufunga, itolewe siku hiyo hiyo. Ukiitoa wiki moja baadaye namba zimeshasonga.

---

Karani wa Stoo

Wakuu, nimemwonyesha bosi huu uzi, anataka tujaribu ERPNext kwa upande wa milango tu. Tunaanzia wapi kesho asubuhi?

---

Mchoma Vyuma

Kesho asubuhi msisakinishe kitu. Chukueni mlango mmoja unaowasumbua, mfuateni fundi kuanzia kwenye rafu hadi kwenye rangi, na mwandike kila anachochukua pamoja na kipimo anachokitumia yeye mwenyewe. Akisema "vipande vitatu", pimeni hivyo vipande. Pimeni na mabaki. Hapo mtakuwa na BOM ya kweli ya kwanza.

Halafu sakinisheni kwenye kompyuta ya majaribio, ingizeni malighafi za huo mlango tu, na mpitishe oda nzima: kununua, kupokea, kutoa, kuzalisha, kuuza, kulipwa. Mhasibu awepo. Mwisho mlinganishe gharama iliyotoka na ile mliyokuwa mkiamini. Rudieni na mlango ambao mteja amebadilisha vipimo katikati ya kazi, maana hiyo hutokea.

Mkiridhika, chagueni tarehe ya kuanza ambayo ni mwanzo wa mwezi, mhesabu stoo kwa mikono siku moja kabla huku uzalishaji umesimama, na ndiyo iwe salio la kuanzia. Msihamishe miamala ya zamani. Shiti za zamani zibaki za kusomwa tu.

---

Karani wa Stoo

Uzalishaji kusimama siku nzima bosi atakubali kweli?

---

Mhasibu Mkavu

Mwambie asimamishe nusu siku, sehemu kwa sehemu. Rafu iliyohesabiwa iwekwe karatasi yenye saa, na chochote kinachochukuliwa baada ya hapo kiandikwe kwenye hiyo karatasi kabla hakijatoka. Kisha jioni unakiingiza kama utoaji wa kwanza.

---

Karani wa Stoo

Hiyo atakubali. Naandaa karatasi, nitarudi na majibu ya mlango wa kwanza.